UZI: "Serikali imekalia pesa za wafu." Kuna ukweli gani?

Kila msimu wa bajeti sentensi hii inarudi. Mmoja anasimama jukwaani anasema serikali imekalia mabilioni ya wananchi, hasa ya mayatima na wajane. Mwingine anajibu kwamba hizo pesa zimelindwa vizuri, na mwenyewe akija na kitambulisho atapewa. Makofi pande zote mbili. Halafu sisi huku tunatukanana siku tatu, na hakuna hata mmoja aliyeangalia kama yeye mwenyewe ana pesa huko.

Kama kawaida yetu hapa: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Nitaeleza mambo yalivyo, halafu nitasema ninavyoona mimi. Kunipinga ruhusa.

Tuanze na jina. Kenya kuna Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, namba 40 ya mwaka 2011. Sheria hiyo ndiyo iliyounda mamlaka inayojulikana kwa kifupi UFAA. Kazi yake si kodi, na mahakama si. Ni mahali ambapo pesa iliyopotezana na mwenyewe hupelekwa ikangojee. Benki, kampuni za bima, kampuni zenye wanahisa, waajiri, vyama vya akiba, wote wanatakiwa kila mwaka kupekua vitabu vyao mpaka tarehe 30 Juni, na ifikapo tarehe 1 Novemba wawe wamepeleka ripoti na pesa zenyewe.

Kabla ya sheria hii hali ilikuwaje? Pesa ilibaki palepale ilipolala. Ukifa na elfu themanini kwenye akaunti ambayo mkeo haijui, benki iliendelea kuizungusha. Haikuwa na sababu yoyote ya kukutafuta. Kampuni iliyokuwa na gawio lako ambalo hujalichukua, hiyo nayo ilikuwa na mtaji wa bure. Kwa hiyo anayesema "zamani pesa zilikuwa salama benki, serikali ndo imekuja kuzichukua" hebu aulizwe: salama kwa nani?

Sasa, pesa "inalala" lini? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu muda si mmoja. Akaunti ya benki ni miaka 5 bila mwenyewe kuigusa. Gawio la hisa ni miaka 3. Bima ya maisha iliyokwisha kuiva na haijadaiwa, miaka 2. Mshahara ambao mfanyakazi hakuuchukua, mwaka 1 tu. Zile hundi za wasafiri ambazo watalii walikuwa wakija nazo, miaka 15, ingawa sijui ni lini mara ya mwisho mtu alizitoa hapa mjini.

Neno la kushika ni "mwenyewe". Benki ikikuwekea riba kila mwezi au ikikukata ada kila mwezi, hilo si wewe. Akaunti inaonekana inacheza, kumbe ni benki inacheza peke yake. Kinachohesabika ni wewe kuweka, kutoa, kuandika barua, kufanya jambo linaloonyesha bado unaijua mali yako. Ndiyo maana mtu aliyeenda Muscat kufanya kazi, akaacha akaunti Mombasa "ya akiba nisiiguse", akarudi baada ya miaka sita, anakuta akaunti haipo. Hakuibiwa. Aliambiwa asiiguse, na yeye akatii nasaha yake mwenyewe kupita kiasi.

Upande wa uwekezaji ndio wenye kelele nyingi, na ndio ninaoujua zaidi kwa sababu ya mahali nilipo.

Riziki yangu iko Biashara Street, Mombasa, baina ya maduka ya leso na mafundi cherahani. Ni barabara ya biashara za familia: jina la babu mlangoni, hesabu ya babu kwenye daftari, na sanduku la posta la babu ambalo barua zote za ukoo zinapitia. Wengine wamedumu kweli. Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, wanahesabu tangu 1887. Lakini kwa kila duka lililodumu kuna mengine yaliyofungwa, yakauzwa, yakageuka duka la simu. Na sanduku la posta likaenda nalo.

Kumbukeni ile homa ya hisa. Wazee wa hapa wengine walianza na Kenya Commercial Bank mwaka 1988, serikali ilipouza sehemu yake ya kwanza kwa umma. Ikaja Kenya Airways mwaka 1996, shilingi 11.25 kwa hisa. Ikaja KenGen mwaka 2006, shilingi 11.90. Halafu ikaja Safaricom mwaka 2008: hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja. Hapo hata asiyejua soko la hisa liko upande gani wa Nairobi alipanga foleni. Mafundi, makuli, mama wa viazi karai, watu walikopa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hiyo wengi walipewa sehemu ndogo ya walichoomba na kurudishiwa pesa iliyobaki.

Matokeo yake ni kwamba nchi ilibaki na mamia ya maelfu ya wanahisa wadogo sana. Mtu ana hisa 300, ana 500. Na kwenye fomu aliandika anwani gani? Sanduku la posta la duka la tajiri wake.

Piga hesabu uone kwa nini watu waliacha. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, Safaricom ilitoa gawio la jumla ya shilingi 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 500 ni shilingi 600. Toa kodi ya asilimia 5, inabaki 570. Sasa zamani hizo zilikuwa zinakuja kwa hundi, na gawio la miaka ya mwanzo lilikuwa dogo kuliko hilo mbali. Nani atapanga foleni benki nusu siku kwa hundi ya shilingi mia? Anaiweka kwenye droo. Miezi sita ikipita hundi imechacha. Ya mwaka wa pili inaingia sanduku la posta ambalo si lako tena. Ya tatu vilevile.

Miaka 3 imetimia. Gawio halijadaiwa, mwenyewe hajawasiliana na kampuni. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui mpaka liwafike: si gawio peke yake linaloondoka. Hisa zenyewe nazo zinafuata. Zinahamishwa kutoka jina lako kwenda kwa UFAA. Ukija kuuza siku hisa imepanda, wakala anakwambia akaunti yako ni tupu.

Bei nayo si mchezo. Hisa hiyohiyo ya shilingi 5 ilishuka chini ya shilingi 3 mwaka 2009, na mwaka 2021 ilipita 40. Mtu mwenye hisa 500 alikuwa na mali ya shilingi 20,000 na zaidi, na alikuwa amezifuta akilini tangu zilipokuwa na thamani ya mbuzi wa mkopo.

Kabla ya kuhamisha, taasisi inatakiwa imwandikie mwenye mali kwa anwani ya mwisho inayojulikana. Kisheria ni sawa. Lakini tusemezane ukweli: barua kwenda kwenye sanduku la posta la duka lililofungwa mwaka 2011 ni barua kwenda baharini. Kitambulisho cha mtu wanacho. Namba ya simu mara nyingi wanayo, kwa sababu wanamtumia matangazo ya mikopo kila Ijumaa. Mkopo unakujua, gawio lako halikujui.

Hapo nimemaliza maelezo ya msingi. Twende kwenye mabishano yenyewe.

Bishano la kwanza: "wametaifisha mali ya watu." Hapana. Sheria haisemi mali imekuwa ya serikali. Inasema mamlaka inaishika kwa niaba ya mwenyewe, na haki ya kudai haina tarehe ya mwisho. Wewe, mwanao, mjukuu wako, akija na ushahidi miaka 30 baadaye, anadai. Anayetumia neno "kutaifisha" ama hajaisoma ama anajua hamtaisoma.

Lakini msicheke upande wa pili mapema. Haki isiyokwisha kwenye karatasi inaweza kuisha kwa uchovu. Nitarudi hapo.

Bishano la pili: "pesa zinakaa bure, zipewe vijana, zijenge hospitali." Hili linapendwa na pande zote, wanapokezana tu kulingana na nani yuko serikalini. Wanaolisema hutaja Uingereza, na ni kweli Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2008 inayoruhusu pesa za akaunti zilizolala miaka 15 ziende kwenye shughuli za kijamii. Wanachosahau kutaja ni hiyo miaka 15, mara tatu ya yetu, na kwamba kule kuna mfuko maalumu unaobakisha akiba ya kuwalipa wenyewe wakitokea. Yaani hawagawi zote. Ukinukuu Uingereza nukuu yote.

Marekani ndo kuna funzo jingine. Kule kila jimbo lina sheria yake, na majimbo mengine yameshazoea pesa hizi kama mapato ya kawaida ya bajeti. Delaware ndiyo maarufu, kwa sababu kampuni nyingi zimeandikishwa huko. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, majimbo yanagombania pesa zisizodaiwa zilizopitia kampuni ya MoneyGram, na Februari 2023 Delaware ikashindwa. Mamilioni ya dola, majimbo yanavutana, na mwenye pesa hayumo hata kwenye chumba. Serikali ikishaizoea pesa ya aina hii kwenye bajeti, hamu ya kumtafuta mwenyewe inapungua. Hiyo ni tabia ya binadamu, haina chama.

Bishano la tatu: "serikali inajikopesha." Hili watu hulikanusha haraka, na hawapaswi. Pesa taslimu zinazopelekwa UFAA zinaingia kwenye mfuko wa amana, na mfuko huo unawekeza kwenye hati za serikali: bondi na bili za Hazina. Kwa hiyo ni kweli, pesa ya marehemu fundi wa Biashara Street inaikopesha Hazina. Tunazungumzia makumi ya mabilioni ya shilingi, si senti za kahawa.

Je, ni wizi? Mimi sioni hivyo. Bondi ya serikali ni mahali salama kuliko kwenye biashara ya mtu, na pesa ya amana lazima iwekwe mahali. Shida ninayoiona mimi ni nyingine: anayefaidika pesa ikikawia kudaiwa ni yuleyule anayeandika masharti ya kudai. Hata awe malaika, hapo panahitaji jicho la tatu. Bunge lina kamati, kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Lakini ukisikiliza mabishano ya jukwaani, hakuna anayeuliza maswali ya jicho la tatu. Wanauliza "ni bilioni ngapi?" Mimi ningeuliza: mwaka uliopita mliwarudishia watu wangapi? Dai la kawaida linachukua siku ngapi? Na madai mangapi yamekataliwa, kwa sababu gani? Na kwa zile hisa: mnakusudia kuuza lini, kwa bei gani, na mwenyewe akija baada ya mauzo atalipwa bei ya siku gani?

Kuna na bishano ambalo Nairobi hawalisikii lakini huku Pwani liko barazani. Riba. Mtu aliweka pesa zake kwenye benki ya Kiislamu makusudi, tangu Gulf African Bank na First Community Bank zilipofungua milango mwaka 2008, ili asiguse riba. Amelala, akaunti imelala, pesa imehamishwa, imenunuliwa bili ya Hazina yenye riba. Mashekhe wana kauli zao na mimi si mufti. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenyewe akidai analipwa mali yake, hafuatiwi na faida ya hiyo bili. Wapo waliotulia na jibu hilo. Wapo wanaosema bado pesa yangu imelala mahali nisipotaka ilale, nani aliniuliza? Ni swali halali la kisiasa, na sijasikia mgombea hata mmoja wa huku akilijibu.

Ajabu ni kwamba fikra yenyewe ya sheria hii si ngeni kwetu kabisa. Fiqhi ina mlango mzima wa lukata, kitu kilichookotwa. Ukiokota mali unaitangaza mwaka mzima, na hata baada ya hapo mwenyewe akitokea na alama zake, haki yake ipo. Tofauti ni kwenye kutangaza. Muokotaji wa zamani alisimama sokoni na milango ya msikiti akapiga kelele. Leo kuna tovuti, ufaa.go.ke, na kuna namba ya *361# kwenye simu, unaweka kitambulisho unaona kama jina lako lipo. Ni jambo zuri, nalisema bila kinyongo. Lakini katika barabara nzima hii, uliza watu kumi wanaouza leso wangapi wanaijua hiyo namba. Halafu uliza wangapi wanazijua namba za kubeti.

Wanaosema "basi wachapishe majina yote magazetini na kiasi cha kila mmoja" wafikirie mara mbili. Kiasi kikijulikana, matapeli watakuwa wa kwanza mlangoni. Tayari wapo. Anakupigia simu, anajua jina lako kamili, anakwambia una laki mbili zimelala, tuma elfu tatu za "faili". Kudai ni bure. Hakuna ada ya faili. Mtu akitaka pesa kabla hujaona pesa, kata simu. Wapo pia mawakala halali wanaofuatilia kwa makubaliano ya asilimia, hiyo ni biashara yao. Ila kwa mtu aliye hai mwenye kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki, sioni sababu ya kumgawia mtu sehemu ya mali yako kwa kukujazia fomu.

Nilisema nitarudi kwenye uchovu. Basi hapa ndipo penye machungu, na ni kwa waliofiwa.

Mwenyewe akiwa hai, dai ni karatasi chache. Akiwa amekufa, mamlaka inataka kujua ni nani ana haki ya kupokea kwa niaba ya urithi, na hilo haliwezi kuamua yenyewe. Linaamuliwa na mahakama. Kwa Waislamu, Katiba ya 2010 kifungu cha 170 inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo juu ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kwa wengine ni mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Urithi. Kwa vyovyote unatoka na hati ya usimamizi wa mirathi mkononi, ndipo dai linaanza.

Chukua mjane wa fundi. Nawajua wanne au watano wa namna hii, kwa hiyo msitafute ni nani. Mumewe ameacha hisa na magawio, tuseme vyote vinafika shilingi 40,000. Wazazi wake walishatangulia, hana deni wala wasia. Ana mjane mmoja, wana wawili, mabinti watatu. Mjane anapata thumni, sehemu moja ya nane: 5,000. Inabaki 35,000, inagawiwa mafungu saba, kila mwana mawili, kila binti moja. Wana 10,000 kila mmoja, mabinti 5,000 kila mmoja. Hesabu safi, haina utata.

Sasa upate hati. Cheti cha kifo. Ushahidi wa ndoa. Vitambulisho vya warithi wote, na mwana mmoja yuko Doha. Binti mmoja ameolewa Lamu, lazima aje au atume kiapo. Nauli, ada, karatasi, siku za kazi zinazopotea. Mjane anaweza kutumia zaidi ya thumni yake kabla ya kuiona.

Na bado hatujafika kwenye jina. Jamani, jina! Kwenye hisa ameandikwa Mohamed, kwenye kitambulisho Muhammad, kwenye cheti cha kifo Mohammed. Kwenye moja kuna "bin", kwenye nyingine karani wa miaka hiyo aliona "bin" ni jina la katikati. Kwenye fomu ya mwaka 2008 dalali alimwandika kwa jina la baba na babu bila la ukoo, kwa sababu nafasi ilikwisha. Sisi tunajua ni mtu mmoja, mtaa mzima unajua. Kompyuta inaona watu watatu. Kila herufi moja inakuwa hati ya kiapo, na kila hati ya kiapo ni pesa na ni siku. Kijana mmoja hapa aliambiwa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, alete barua ya kuthibitisha kwamba babake ni babake. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza nani hasa atie sahihi.

Ndio maana nilisema haki isiyokwisha inaweza kuisha kwa uchovu. Hakuna aliyewakataza. Wamehesabu wakaona haina faida, wakaacha. Na kila wanaoacha, mfuko unakua, na mwaka ujao kuna mtu jukwaani atasema "angalieni tulivyolinda mabilioni."

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, bishano la "serikali imekalia" ni bishano la mahali pasipo. Pesa kupelekwa UFAA si tatizo. Afadhali huko kuliko kwenye faida ya benki. Pa kubana ni pawili. Kwanza taasisi zinazoshikilia: kwa nini barua ya posta ihesabiwe kuwa juhudi ya kutosha mwaka huu, wakati wana namba ya simu ya mtu? Pili madai madogo ya marehemu: pawe na kiwango ambacho chini yake familia haihitaji kubeba mzigo uleule wa karatasi kama mtu anayedai mamilioni. Hilo linahitaji Bunge, na linahitaji watu wa mahakama, pamoja na makadhi wetu, wakae mezani. Ni kazi isiyo na makofi, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayeigusa.

Watu wa upande wa serikali mtaniambia urahisi utaleta utapeli, ndugu mmoja mjanja atakimbia na mali ya wenzake. Kweli, hutokea. Huku kwetu hutokea hata hati zote zikiwepo.

Maswali ya uzi uliopita, haraka haraka:

Aliyeuliza kama kubadilisha namba ya simu tu kwa msajili wa hisa kunahesabika: kuwasiliana na kampuni kuhusu hisa zako ni kuonyesha uko hai, ndiyo. Fanya kwa maandishi, ubaki na nakala. Na ukiwa hapo, omba gawio liingie moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au M-Pesa badala ya hundi.

Aliyeuliza kuhusu M-Pesa ya mamake marehemu: nazo zikilala sana hupelekwa UFAA kama nyingine. Usisubiri zifike huko. Nenda kwa mtoa huduma na cheti cha kifo kwanza, uulize wanataka nini kwa kiasi kilichopo.

Aliyesema babake alikuwa na "cheti cha karatasi" cha hisa za zamani ndani ya Kurani yake: usikitupe hata kama kampuni imebadilisha jina au imemezwa na nyingine. Piga picha pande zote mbili, andika namba ya cheti mahali pengine, halafu ndo uanze kuuliza nani ndiye msajili wa kampuni hiyo sasa.

Na wale wa chama cha akina mama waliofungua akaunti ya pamoja mwaka 2017 wakagombana: miaka 5 yenu imeshapita. Watia sahihi wote watatu wako hai na wote wako Kisauni. Nendeni benki mkaulize pesa iko wapi sasa. Kusalimiana si lazima.